Hatua Tatu Mbele ya Chachu

Ijumaa moja ya mwaka wa 1979, timu ya raga ya watumishi wa serikali wa Isiolo ilishindwa na walimu kwa pointi mbili. Dakika ya mwisho Kiugu aliupiga mpira teke mbele, ukaanguka karibu na mstari wa goli wa walimu, mahali pasipo na mtu. Chachu ndiye aliyekuwa karibu nao zaidi. Alisimama.

Jumatatu wawili hao, wachanjaji wa mifugo, walikuwa njiani kwenda Merti kwa Land Rover. Rejeta ilipochemka walishuka kungoja ipoe. Kiugu akapanga vidonge vya mavi ya mbuzi mchangani.

“Huyu ni wewe. Huyu mimi, nyuma yako. Nikipiga teke ukiwa mbele yangu, uko ofsaidi, huruhusiwi kuugusa mpira. Hiyo sibishi.”

“Basi tumemaliza.”

“Bado. Nikikimbia nikupite, wewe si ofsaidi tena. Nilikupita hatua tatu, nikaita, ‘Enda!’ Ukasimama kama ngamia anakojoa.”

Chachu alicheka kidogo. “Ni sekunde moja, bwana. Nani anahesabu hatua?”

“Huhesabu. Unasikia. Hata mke wangu Rahab alisikia, na alikuwa ng’ambo ya uwanja akiuza chai.”

“Refa angepuliza.”

“Refa alitupungia tuendelee! Niambie tu, Chachu. Uliogopa?”

Kusema ndiyo kungemaliza ubishi. Lakini Chachu hakuwa ameogopa, na Kiugu alikuwa mwenzake wa safari kwa miaka sita. Idarani, mtu asiyesikia vizuri hakuruhusiwa kushika ng’ombe, alihamishiwa stoo.

“Ulinipita upande gani?” akauliza.

“Kulia.”

“Kulia sisikii. Tangu ile homa ya mwaka jana. Ukisema ofisini, safari zangu zimekwisha.”

Kiugu alikisukuma kidonge kimoja kwa kidole.

“Basi kwa yale uliyojua, ulifanya sawa kusimama,” alisema. “Na mimi siku tatu nakuita mwoga.”

“Siku nne.”

“Nne. Huko Merti nitasimama kushoto kwako. Ng’ombe akiruka, utanisikia.”

Walijaza maji. Kiugu alimpa Chachu ufunguo, akazunguka gari na kuketi kiti cha abiria, upande wa kushoto.

“Endesha wewe,” alisema. “Bado sijakueleza makosa yako ya kipindi cha kwanza.”