Tumbo la Bi Dorcas

Bi Dorcas Yelland alikwenda mahakamani kumalizia kufuma kisigino cha soksi. Majiko ya mahakama ya Wenbury yaliwashwa kwa makaa ya serikali, na nyumbani kwake makaa yalikuwa yamebaki vumbi. Miaka ile reli ilikuwa haijafika upande huo wa Uingereza, na jaji alikuja kwa gari la farasi mara mbili kwa mwaka, wigi lake ndani ya kasha. Akija, wanawake walijaa roshani ya mahakama kama waliokwenda harusini, na jibini la kutafuna mikononi.

Siku hiyo kesi ilikuwa ya Keziah Voss, msichana mwenye nywele nyekundu, aliyemtilia mumewe sumu ya panya kwenye uji. Shahidi mmoja alianza kueleza jinsi mume huyo alivyomvunja Keziah mbavu, akaambiwa mbavu hazikushitakiwa. Wazee wa baraza hawakuinuka hata vitini. Walinong'ona kidogo, wakasema ana hatia. Jaji akauliza kama mshitakiwa ana la kusema kabla hajahukumiwa kunyongwa.

"Nina mimba," akasema Keziah.

Jaji akaamuru milango ifungwe. Wanawake wa roshani walijua maana yake, wakakimbilia ngazi. Sheria ilitaka kumi na wawili kati yao, wake za watu, wampapase mshitakiwa na kuapa walichokikuta. Bi Dorcas angewahi kutoka, lakini donge lake la uzi liliviringika chini ya benchi, naye hakuwa mtu wa kuacha uzi. Walimkamata akiwa amepiga magoti. Kwa kuwa aliwazidi wote umri, wakamfanya msemaji.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi: mimba peke yake haikumwokoa mtu. Ilipasa mtoto awe ameanza kucheza. Akicheza, mama alingojwa ajifungue, na baada ya hapo ilikuwa nadra mtu kupata moyo wa kumnyonga. Alipelekwa ng'ambo kwenye kazi ngumu, akaishi. Asipocheza, walikufa pamoja, na aliyehesabiwa kufa ni mmoja. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa Wenbury ulikata upande mmoja tu.

Waliingizwa katika chumba cha wazee wa baraza, kilichonuka tumbaku. Bi Oke, mke wa muuza nyama, alifuta makombo mezani kwa kiganja.

"Lala hapa, mwanangu," Bi Dorcas akamwambia Keziah. "Mikono yangu ina baridi, nivumilie."

"Baridi yako si neno, Mama. Wao wana kamba."

"Alishacheza?"

"Juzi, nilipokuwa nafua. Na jana. Hupiga kuume, kama anayebisha hodi."

Bi Dorcas akaweka viganja vyake, akangoja. Tumbo lilikuwa gumu na la duara, lenye mtoto bila shaka, lakini lilikuwa kimya. Wakaweka mikono wote, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Ndipo Bi Dorcas, aliyeacha kuona siku zake zamani, akasikia teke ndani ya tumbo lake mwenyewe, upande wa kuume. Alikuwa amezaa mara nyingi, hakuhitaji kuambiwa ni nini.

"Huku," akasema.

Bi Oke akamgusa chini ya aproni. "Kweli. Huyo hapo."

Keziah akainuka kwa kiwiko, akanyoosha mkono akagusa pia. "Ndiye," akasema. "Mrudishe, Mama."

"Sijui namna."

Walijaribu. Walisimama tumbo kwa tumbo, Bi Dorcas akamkumbatia, wengine wakageukia ukutani kwa heshima. Mtoto akapiga tena, palepale kwa Bi Dorcas.

"Harudi," akasema Bi Oke. "Alikuwamo mahakamani naye, amesikia kila kitu. Wewe ungerudi?"

"Basi tuseme yumo kwake," akasema mwanamke mmoja.

"Tumeapa kwa Biblia, shoga."

Wakamtazama Bi Dorcas. Yeye alidhani ukweli wote, ukisemwa wote, ungetosha. Hakuna jaji, aliwaza, atakayesikia jambo hilo halafu amnyonge mtu. Kabla hawajatoka, Keziah alimshika mkono.

"Akiwa wa kike mwite Lois. Wa kiume, lolote, asiitwe jina la baba yake."

Mahakamani Bi Dorcas alisimama na uzi wake kwapani. "Mtoto anacheza, Bwana Jaji," akasema, "lakini anachezea tumboni mwangu."

"Na tumbo la mshitakiwa?"

"Kimya, lakini..."

"Ndilo swali nililouliza. Asante, mama."

Akaweka juu ya wigi kitambaa cheusi cha kuhukumia kifo. Keziah alinyongwa siku ya soko, mbele ya gereza, ili watu wasipate taabu ya kuja mjini mara mbili. Bi Dorcas alikuwapo. Ubao ulipofunguka chini ya miguu ya Keziah, mtoto alishikwa na kwikwi, ikadumu hadi jioni.

Nyumbani, mumewe Jabez alimsikiliza mpaka mwisho, akakung'uta kiko.

"Kitanda cha mtoto tulikitia motoni mwaka ule wa baridi."

"Basi tengeneza kingine, mzee."

Akatengeneza. Lois alizaliwa majani yalipoanza kuchipua, mwenye afya na nywele nyekundu. Kasisi akambatiza, majirani wakaleta supu. Bi Oke alisema mtoto amefanana na mama yake, na hakuna aliyeuliza yupi. Bi Dorcas alimpenda. Alipomnyonyesha aliona haya, na haya hiyo haikupungua.

Jaji aliporudi, kulikuwa na mtumishi wa ndani aitwaye Tabitha Crewe, aliyemchoma bwana wake kwa kisu cha kukatia nyama. Naye akasema ana mimba. Safari hii milango haikufungwa. Tarishi wa mahakama alikwenda hadi kwa Bi Dorcas na mwavuli.

"Bwana Jaji anakuomba, Bi Dorcas. Taratibu, kuna tope."

Kulikuwa na ombi la kumsamehe Tabitha lililokuwa likipitishwa sokoni, watu wakitia sahihi kwa ajili ya kichanga. Walipomwona Bi Dorcas akipita na tarishi, walilikunja. Jaji mwenyewe alisema, bila ubaya, kwamba Wenbury ni mji wenye bahati, maana hapa mtu anaweza kutenda haki bila kumwonea mtoto.

Bi Dorcas alimpapasa Tabitha, akahisi teke likihamia kwake. Kisha akasimama mbele ya jaji, na mara hii alikuwa ameazimia kusema uongo, kiapo au si kiapo.

"Anacheza, Bwana Jaji. Tumboni mwake. Nimemsikia kwa mikono yangu."

Jaji alikuwa akitazama aproni ya Bi Dorcas. Mahakama nzima ikaitazama. Aproni ikaruka upande wa kushoto, ikatulia, ikaruka tena.

Jaji akaomba kitambaa chake cheusi.

Bi Dorcas alipofika nyumbani, Jabez alikuwa ameshasogeza kitanda cha Lois ukutani ili nafasi ipatikane.