Hodi kwa Mama Posta

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, msusi akiwa na wateja watatu saluni na vikaushio viwili vikinguruma. Kila kitu kikanyamaza kwa mpigo. Ndipo ikasikika sauti ya ukuta wa nyuma ukigongwa: mara mbili, kimya, mara mbili tena.

"Fundi gani huyo asiyechoka?" mteja mmoja akauliza. "Hata juzi nilimsikia."

Msusi naye alikuwa amemsikia wiki nzima nyuma ya ngurumo za mashine, akadhani jirani anapigilia misumari. Sasa akasogea, naye akagonga mara mbili. Sauti ya kikongwe ikamjibu, taratibu, kama inayomkaribisha mgeni.

"Hujambo, mwenye ukuta? Samahani kwa usumbufu. Una maji ya kunywa?"

Msusi alimwacha mteja na nywele zilizosukwa upande mmoja, akachukua chupa ya maji, akazunguka nyuma. Mlango wa chumba kilichopakana na saluni ulikuwa na kufuli kwa nje. Dirisha lilikuwa dogo, lenye nondo, na nyuma ya nondo alisimama Mama Posta.

Mtaa mzima ulimjua. Alikaa dirishani posta miaka thelathini, akijua nani anaishi wapi na nani hajibu barua za mama yake. Lakini kwa miezi minne watu waliamini amehamia kwa binti yake. Mwanawe, mwokaji mikate aliyeishi naye, ndiye aliyesema hivyo, na nani angemtilia shaka mtu mpole kama yule?

Mama Posta alikunywa chupa nzima bila kuiteremsha. Alikuwa amekonda, nywele zimeshikana kama kamba, na harufu ya mkojo ilitoka hadi nje.

"Usisogee sana," akasema. "Mimi nimeshaizoea. Wewe utaumia pua."

Msusi hakujua acheke au alie. Akampigia simu Nesi.

Nesi alikuwa amestaafu, ila kustaafu kwenyewe kulimshinda. Ndiye aliyeanzisha Kamati ya Hodi, watu watano waliogawana nyumba zenye wazee na kuzipitia kila wiki, tangu mzee wa nyumba ya kona alipokutwa hoi baada ya kuugua siku nne peke yake. Alifika anahema, daftari mkononi. Mbele ya jina la Mama Posta palikuwa na neno moja: amehama. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Nilipiga hodi kwa mwana," akasema polepole. "Sikupiga hodi kwa mama."

Wateja walikuwa wameshamfuata msusi uani. Mmoja akataka kufuli livunjwe, mwingine akasema mtoto kama huyo hafai hata kupewa salamu.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Nesi akawajibu, huku akimpigia afisa ustawi wa jamii. Kisha akampigia mwokaji kazini.

Nusu saa baadaye mwokaji alifika, ana unga hadi kwenye nyusi. Alipoona watu uani, akakaza uso.

"Haya ni mambo ya nyumbani kwangu."

"Kweli," Nesi akasema. "Fungua kwanza. Tutagombana mlango ukiwa wazi."

Akafungua. Hakuna aliyegombana. Godoro lilikuwa limelowa, na kando yake kipande cha mkate kimekauka. Nesi alimfunua Mama Posta kiunoni, akaona kidonda cha kulala upande mmoja, akamfunika tena. Mwokaji akaonyesha ukuta wa jikoni, mweusi hadi darini.

"Alisahau sufuria. Nilikuta pazia linawaka. Ningefanyaje? Natoka alfajiri, narudi saa tisa."

"Ungesema," msusi akamwambia.

"Ningesemaje? Kwamba mtoto mzima nimeshindwa na mama yangu?" Akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa viganja, unga ukimchuruzika na machozi.

Afisa ustawi alipokuja hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimweleza kwamba kumfungia mtu ndani ni kosa, uchovu uwepo usiwepo, kwamba ameliandika, na kwamba atarudi kila wiki kujionea mwenyewe. Kisha ukaanza mjadala. Apelekwe kwa binti yake? Kwenye makao ya wazee? Kwa mpwa? Robo saa nzima yalipita maneno juu ya kichwa cha Mama Posta, mpaka akakohoa.

"Mnanijadili kama kifurushi," akasema. "Nimepokea vifurushi miaka thelathini, na hakuna hata kimoja kilichoulizwa kinataka kwenda wapi. Mimi nina mdomo. Niulizeni."

Afisa akaona haya. "Unataka nini, Mama?"

"Nataka ufunguo wa mlango wangu. Nataka maji ya moto nioge. Na sitaki kukaa peke yangu kutwa, ukuta hauna mazungumzo." Akamtazama mwanawe. "Huyu nataka nibaki naye. Ila asinifungie tena."

"Sitakufungia, mama," mwokaji akasema.

Kufuli lilitolewa siku ile ile. Mtungi wa gesi ukahamishiwa kwenye kabati ambalo mwokaji hulifungua akiwepo. Nesi alikuja kila asubuhi kusafisha kidonda hadi kikafunga. Msusi alimwosha nywele mara tatu, akakata zilizoshindikana, zilizobaki akazisuka mistari minne myepesi. Tangu hapo humpitia saa tatu, wakavuka ua mkono kwa mkono, na Mama Posta akashinda saluni kwenye kiti chenye mito miwili.

Siku ya tatu alichoka kukaa bure. Aliona mteja mmoja anaruka foleni, akamrudisha nyuma kwa jicho moja tu. Baada ya hapo zamu zikawa mikononi mwake. "Anayefuata," anaita, na watu wazima wanasimama kama wamekuja kuchukua barua ya rejista. Wakati mwingine husahau nani kafika kwanza, lakini wateja humnong'oneza, yeye akatamka kana kwamba alikuwa anajua.

Mwokaji alipita uani wiki kadhaa macho chini. Kisha Nesi akamwita kwenye kamati.

"Nije mnisute?" akauliza.

"Tumeshakusuta. Sasa tunataka utusaidie. Wewe unajua mtu anavyoficha."

Siku hizi hupiga hodi naye kila Jumamosi alasiri. Mwezi jana kaka mmoja aliwaambia baba yake amesafiri. Mwokaji alikaa naye barazani, akamsimulia habari za pazia lililoungua na za kufuli, bila kujipamba. Hawakumaliza hata robo saa, yule kaka akainuka mwenyewe akawafungulia chumba cha ndani. Mzee alikuwa mzima, ila hakuwa ameoga siku nyingi. Wakachemsha maji.

Jioni ile Mama Posta alimsubiri mwanawe mlangoni, akataka habari zote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mzee namfahamu," akasema. "Barua zake zilikuwa nyingi, na zote za wanawake. Mleteni saluni tumsikie."