Herufi Iliyosimama

Bibi alipoingia kwa mwanawe akiwa amemshika mjukuu mkono, hakuja kusalimia. Alikuja kupeleleza, na tusimfichie. Magoti yalikuwa yamemgomea, na yule mjukuu, yatima wa binti yake marehemu, alikuwa katika umri wa kukimbizwa, si wa kufuatwa na mkongojo. Mwanawe, fundi magari, alikuwa amesema, "Mlete, mama, akae na wenzake." Mwanamume kusema hivyo ni rahisi. Atakayeamka kumchana nywele na kumtafutia soksi iliyopotea si yeye, ni mkewe. Na Bibi alishaona watoto wanaolelewa pembezoni, wanaokula mwisho na kuitwa "yule". Akaapa moyoni: nitakaa juma moja tu. Nikiona mjukuu wangu anageuka "yule" humu ndani, narudi naye, magoti yakitaka kuvunjika na yavunjike.

Mkwewe alikuwa fundi wa kushona sare za shule kwenye karakana ya jirani. Alikuwa na watoto wake watatu. Kifungua mimba walimwita Mwalimu, kwa sababu alimsahihisha kila mtu, hata babake. Wa kati, Jenerali, aliyekuwa akigombana na viatu vyake kila asubuhi na viatu vikishinda. Na kitindamimba, Kijiko, ambaye hakuachia kijiko chake hata usingizini.

Jamani, asubuhi za nyumba ile! Mama mtu alisimama katikati ya chumba, pini zimejaa mdomoni, akitoa amri kupitia hizo hizo pini, na wote wakamwelewa. Mkono mmoja unafunga kifungo, wa pili unachana nywele, sikio linamsikiliza Mwalimu akikariri jedwali la saba, na mguu umezuia mlango ili Kijiko asitoroke uchi. Halafu katikati ya vurugu hiyo anatoa pini mdomoni, anamtekenya Jenerali, na nyumba nzima inaangua kicheko na kuchelewa. Bibi alilea watano na alijiona bingwa. Alikaa kwenye kigoda chake na kukiri kimyakimya kwamba huyu binti amemzidi.

Siku ya pili akajitolea kukunja nguo zilizokauka. Akaona nguo nyingi zina herufi M ya uzi mwekundu, kwenye kola au kwenye ukingo, lakini nyingine zimelala na nyingine zimepinduka. Masikini, akawaza, mkwe wangu anashona akisinzia. Akazipanga kwa kukisia. Kesho yake Jenerali akatoka kwenda shule na kaptula ya Kijiko imembana hadi anatembea kama bata, na Mwalimu akabaki na taulo la mtu mwingine akidai sheria imevunjwa.

Mkwewe alicheka hadi akaketi chini, kisha akamweleza. Karakana ilikuwa na vibati vilivyotobolewa herufi, vya kuchorea kabla ya kutarizi. Vilipochakaa vikatupwa, yeye akaokota kimoja kilichokuwa bado kizima, nacho kilikuwa M. Ukiacha lile jina la utani la Mwalimu, haikuwa herufi ya jina la mtu yeyote pale nyumbani. Basi akaigeuza. Ya Mwalimu ililalia ubavu wa kushoto, ya Kijiko ubavu wa kulia, na ya Jenerali ilisimama kichwa chini miguu juu, kama mwenyewe. Baba mtu hakuhitaji alama, nguo zake zilijulikana kwa harufu ya grisi.

Bibi alicheka pia. Akili gani hii, alijiambia, herufi moja imelea nyumba nzima. Lakini jioni, alipokwenda kuanika taulo la mjukuu wake, kicheko kilimkauka. Taulo halikuwa na alama popote. Hata sweta lake, hata begi lake. Hakuwa na M ya upande wowote.

Tangu hapo hakuona kingine. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita, jembe halikuonekana. Wenzake walipotumwa maji na kufagia, mjukuu aliambiwa, "Wewe kaa, mwanangu, pumzika." Wenzake walipogombezwa kwa vikombe vilivyoachwa mezani, yeye alichekewa kwa upole, naye akakaa wima kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Alikula vizuri, alilala kitandani na wenzake, hakuna aliyemnyanyasa. Ila heshima waliyompa ilimuuma Bibi kuliko ambavyo fimbo ingemuuma.

Jumamosi alasiri akamwona mkwewe ameketi mlangoni penye mwanga, lundo la nguo mapajani, wembe mkononi, anafumua. Nyuzi nyekundu zilikuwa zimetapakaa miguuni pake. Lo! Kumbe anazifuta zote, akawaza. Ameona haya kumnyima mmoja, basi anawanyang'anya wote. Hakuuliza. Akaingia chumbani, akavuta begi la mjukuu chini ya kitanda, akaanza kupanga.

Mkwewe alimkuta hapo, sweta moja ndani, moja nje. Akasimama. Akauliza kulikoni.

Bibi hakutaka ugomvi.

"Sikulaumu, mwanangu. Umemtunza vizuri. Lakini nyumba yenye alama, mtoto asiye na alama ni mgeni. Na mgeni huaga."

Mkwewe alikwenda mlangoni, akarudi na lile lundo, akaliweka juu ya magoti ya Bibi. Bibi akanyanyua nguo ya kwanza. Ilikuwa gauni la mtu mzima. Ya pili, gauni. Ya tatu, blauzi ya kazini. Kwenye kila kola palikuwa na vitundu vya sindano, na vitundu hivyo vilichora M iliyosimama sawasawa.

"Hiyo iliyosimama ilikuwa yangu, mama," alisema. "Upande mwingine haujabaki. Na nisingeweza kumshonea yeye kabla sijaitoa kwangu. Si umeona ya Jenerali na kaptula?"

Bibi akauliza lililokuwa karibu.

"Na wewe zako utazijuaje?"

Mkwewe akachukua gauni moja, akalinyoosha kwenye mwanga. Pale usawa wa paja palikuwa na alama ya vidole vidogo, vya mafuta, na juu kidogo vingine, vya wino.

"Zangu ni zile walizonishika," alisema.

Bibi akalia, na hakujificha. Aibu ilimshika, furaha ikamshika, hakujua aanze na ipi. Akaomba sindano ya pili. Macho yake hayakuweza tena kutunga uzi, basi wakamwita mjukuu atunge, naye akatunga, na akaketi kati yao akitazama taulo lake likipata wekundu. Alipitisha kidole juu ya ile M mara nyingi, hata mkwe akamwambia aache, ataichafua kabla haijaisha.

Asubuhi ya kuondoka, Bibi alisimama mlangoni na begi moja tu, la kwake. Ndani, vurugu ilikuwa ile ile. Jenerali amelemewa na kiatu, kijiko kinagonga ndoo. Ghafla sauti ya mama mwenye nyumba ikapaa juu ya zote, kali, pini zikiwa mdomoni.

"Nani wa M iliyosimama ameacha taulo sakafuni?"

Sauti ndogo ikaitika.

"Ni mimi, mama."

"Liokote. Na nisiseme mara mbili. Ukimaliza, ufagio uko nyuma ya mlango."

Bibi akasikia miguu ya mtoto ikikimbia, ikikimbia kweli, si ile ya kunyata. Jembe limetoka, akajisemea, na ndilo alilolingoja juma zima. Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akashuka ngazi taratibu, na hakuwaaga mara ya pili, maana pale alikuwa hajaacha mgeni.