Claudette Aulizwa Jina

…wewe ni nani, ndivyo ilivyoandika, kwa Kiingereza, herufi nyeupe kwenye kioo cheusi cha kompyuta, tafadhali niambie wewe ni nani, na Claudette akaondoa vidole kwenye kibodi kama aliyegusa chungu cha moto, maana yeye alitaka kuhifadhi tu, wiki nzima mwalimu wao Hitimana amewaeleza kwamba Git ni programu ya kutunza kazi, kila ukibadilisha kitu inakumbuka ni nini kilibadilika, na lini, na nani alikibadilisha, ukiharibu unarudi nyuma, na yeye asubuhi yote amekaa na ukurasa wa ushirika wa wakulima wa viazi wa Kanzenze, akasahihisha maneno, akapanga picha za akina mama na magunia yao, akaandika amri kama alivyoonyeshwa, herufi kwa herufi, na sasa hii… "Mwalimu," aliita, na Hitimana akageuka dirishani, simu sikioni, "Bon, Mama Akaliza, hiyo iko inaomba jina tu, weka jina yako na email, donc kazi yote itatoka na jina ya mwenye aliifanya," kisha akairudia simu yake, oui, oui, kesho, hapana, kesho, na mvua ikaendelea kupiga mabati hata maneno mengine yakapotea… jina yako, kirahisi hivyo, Mama Akaliza, ndivyo anavyoitwa sokoni, kanisani, hata na mwenye nyumba, lakini Akaliza mwenyewe yuko chuoni Huye, jana alipigiwa hakupokea, akaandika tu, niko mu darasa maman, saa mbili usiku, darasa gani hilo, basi mle nyumbani yeye ni mama wa nani, anapika wali wa watu wawili kwa mazoea kisha anaupasha na kesho yake, anafungua redio asubuhi ili kuwe na mtu anayeongea, hata kama ni habari za mpira asioujua…

Vidole vikaanza vyenyewe, G, a, t, akashtuka, akavisimamisha hewani, Gatete, anaandika Gatete, Mungu wangu, mume aliyevuka mpaka na kuhamia kwa mwanamke mwingine Goma, mwendo wa miguu tu kutoka hapa, na bado vidole vinamjua kuliko vinavyomjua mwenye vidole, lakini visijue vipi, miaka yote ile ya duka la ushonaji vilishona jina hilo, vile vitambaa vidogo vya ndani ya ukosi, Gatete Couture, kwa uzi mwekundu, Gatete akipokea wateja, akiwapima, akiwachekesha, yeye nyuma ya pazia na cherehani, gauni baada ya gauni, na kila gauni lilitoka likiwa limefungwa jina la mtu mwingine shingoni, na hakuna aliyemlazimisha, hakuna, mwaka jana pale posta alimwona mwanamke amevaa gauni lake, lile la mikono ya kukunjwa, alilifumua mara tatu mpaka likakaa, akashindwa kujizuia, "Nguo muzuri sana, mama," na yule akajigeuza, amefurahi, "Eh, ni Gatete huyo, ule mubwana alikuwa anajua kazi!" na Claudette akajibu nini, akajibu, "Kweli, alikuwa anajua," akatabasamu, akaenda zake na bahasha yake, na njia nzima akajiuliza mbona miguu mizito… oui, alisema Hitimana dirishani, nakusikia… na kumbe hakuwa ameibiwa kitu siku ile, alikigawa mwenyewe, kwa tabasamu…

Akafuta t, akafuta a, akafuta G. Nyiraneza Claudette, akaandika, polepole, akaliangalia, lilikuwa kama jina la mtu aliyehamia mtaani juzi, akaangalia kama halina kosa, akabonyeza, akaweka na email yake, akarudia amri ya kuhifadhi, na safari hii haikuuliza kitu, ikakubali, akaomba imwonyeshe kumbukumbu na ikamwonyesha, maneno yaliyosahihishwa, picha zilizopangwa, mwandishi, Nyiraneza Claudette, wala hakukuwa na mtu wa kumwita aje aone, wenzake wameshateremka kula, simu yake imelala mezani kimya, na mvua ile ile, na Hitimana yule yule na simu yake, akauliza bila kugeuka, "Mama Akaliza, imekubali?" "Claudette," alisema yeye, "mi naitwa Claudette," lakini mvua ilikuwa kubwa na mwalimu hakusikia, na ajabu ni kwamba haikumuuma, maana hakuwa amemwambia yeye, alikuwa amejiambia mwenyewe.