Mstari wa Buluu kwenye Msingi

Rukaya hakumwamini mtu yeyote mwenye futi mkononi, na asubuhi hiyo dona Lígia wa ofisi ya ujenzi alikuja na futi, vigingi na kopo la rangi. Kisa chumba. Mama yake, Bi Nazira, alilala dukani kati ya madumu ya mafuta, na ngazi za duka zilimtesa kwa miguu yake iliyovimba. Rukaya alitaka kumjengea chumba cha chini, lakini nyumba yao hapa Olumbi iko kati ya barabara kuu na bonde. Bila kibali huongezi hata tofali.

Lígia alipigilia kigingi upande wa barabara, kisha akachora mstari wa buluu kwenye msingi wa duka, usawa wa goti.

"Mama, huku usipite, ni eneo la estrada, la barabara. Na sakafu yako iwe juu ya mstari huu, bonde hujaa. Nikija na mkuu wangu tukaziona alama, licença, kibali chako, unapata."

"Haya, dona," alijibu Rukaya kwa sauti tamu. Moyoni alisema, mwongo mkubwa wewe. Waliohamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi si walianza kuona vigingi na rangi vivi hivi? Na bonde lenyewe kavu, mbuzi wanalala humo.

Jirani yake Yusufu ndiye aliyemmaliza. Alipokiona tu kile kigingi, akaanza kupanda miche ya minazi uani, kusudi akihamishwa alipwe kwa kila mti. Rukaya alipoona minazi ile, akaamini wanahamishwa kweli.

Kigingi akaking'oa. Mstari akaupaka chokaa. Akaita fundi, na chumba kikasimama, sakafu sawa na uwanja.

Lígia aliporudi na mkuu wake alitazama msingi mweupe, akatazama chumba.

"Alama ziko wapi, mama?"

"Alama gani, dona?"

Lígia hakugomba. "Basi mtoe bibi humo kabla ya mvua."

"Wananitisha nihame," Rukaya alimwambia mama yake, akacheka.

Mvua zilipokuja, bonde lilijaa mchana kweupe. Rukaya alimtoa mama yake mgongoni, godoro likielea nyuma yao, akamketisha juu kabisa ya ngazi za duka. Chokaa ilikuwa imeoshwa. Mstari wa buluu ulionekana wote, na maji yalikuwa yamesimama papo hapo, yameugusa.

"Nani kauchora huo?" aliuliza Bi Nazira, akitetemeka kwa baridi.

Rukaya aliona aibu hata kumtazama.

"Yule dona, mama. Mimi nikaufuta."