Rangi ya Kubandua

Raphaeli alipokuwa hai, hakuna aliyepita barabara ya Mbozi Mission asiijue pikipiki yake. Ekzosi, madigadi, ngao ya mbele, kila chuma cha kung'aa alikisugua Jumapili kabla ya ibada mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Mkewe Germana alimtania kwamba siku moja ataipelekea posa. Alipokufa, hata matanga hayajaanuliwa, watu waliamka wakakuta stoo ya kahawa iko wazi na pikipiki haipo.

Deus, mdogo wake marehemu, ndiye aliyelisema mbele ya waombolezaji.

"Aliyelala karibu na stoo ni nani? Si huyu shemeji yetu wa Ikinga?"

Macho yote yakamgeukia Wiliam, mdogo wake Germana, aliyetoka Ikinga, kule Ileje, kuja kumlilia shemeji yake. Wiliam alimtazama dada yake, akingoja.

Germana hakuwa na akili ya kupima maneno siku ile. Alichukua mfuko wa Wiliam, akaupekua mbele ya watu, akitafuta ufunguo wa pikipiki. Akatoa shati, akatoa sweta, akatoa kanga mpya ambayo alikuwa ameletewa yeye mwenyewe. Ufunguo hakuuona.

"Kama umeshawapa wenzio, waambie warudishe tu," alisema.

Wiliam alikunja shati lake, akaondoka bila kuaga. Kanga aliiacha pale chini.

Mwaka ukapita. Germana alishuka Tunduma kupeleka maharage, akapanda bodaboda kwenda sokoni. Pikipiki ilikuwa nyeusi tii, hata vyuma vyake. Aliposhuka aliona kwenye ekzosi moto umeivimbisha rangi, kipande kimeachia na kuning'inia. Akakivuta. Kikaja kirefu, laini kama mpira, na chini yake kikatokea chuma kinachong'aa, kimebonyea mahali alipopajua. Ni siku ile walipoanguka kwenye kalavati, yeye na Raphaeli, wakabaki wamekaa kwenye tope wakicheka.

"Mama, usibandue!" Brayson, yule dereva, alishtuka. "Bosi atanimaliza!"

"Hii rangi gani?"

"Ya mpira hiyo. Inapulizwa kwa kopo, ikikauka inashika. Ukitaka vyuma virudi kung'aa, unamenya tu kama ndizi. Bosi anasubiri mteja wa Zambia ndiyo tuimenye, maana kule wanapenda inayong'aa."

"Bosi wako nani?"

"Anaitwa Deus. Mtu wa Mbozi."

Germana alichuchumaa pale pale kijiweni, akaendelea kumenya. Ekzosi, madigadi, ngao. Vipande vyeusi vilirundikana miguuni pake, watu wakamzunguka, wengine wakinong'ona kwamba mama wa watu amerukwa na akili. Brayson alimpigia bosi wake simu, naye hakuwa mbali.

"Shemeji, unajiaibisha," Deus alisema alipofika.

"Ulimsingizia mdogo wangu."

"Mimi nilimwita mwizi? Niliuliza tu. Mfuko ulipekua wewe." Akainama, akakagua ngao ilivyotoka safi. "Pikipiki ni ya kaka yangu, na kadi ninayo. Ungeolewa kesho, ingeendeshwa na nani? Mama mwenyewe anajua."

Mama. Mama mkwe aliyelala naye mkeka mmoja msiba mzima, akimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

Wiki ile ile pikipiki ilivuka mpaka, ikauzwa. Kazi ya kuimenya alikuwa amewamalizia yeye.

Germana alipanda gari kwenda Ikinga. Wiliam alimpokea vizuri, na mkewe Rozi akasonga ugali. Baada ya kula, Germana aliwasimulia yote, kisha akapiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Nisamehe, Wiliam. Deus alitudanganya."

"Alikudanganya wewe, dada. Inuka." Wiliam alimshika mkono, akamkalisha. "Mimi Deus simdai neno, yule si ndugu yangu. Siku ile nilikuwa nakutazama wewe. Nilijua utasema, huyu mdogo wangu namjua. Nikangoja. Ukachukua mfuko."

"Nilikuwa na msiba."

"Ndiyo. Na mimi nilikuja msibani."

Rozi akaanza kukusanya vyombo, ingawa hakuna aliyekuwa amenawa.

Wiliam alimsindikiza hadi barabarani, amembebea kikapu cha ndizi na viazi. Njia nzima walizungumzia mvua. Gari lilipotokea, Germana alijikaza.

"Watoto wanamuulizia mjomba wao. Utakuja Krismasi?"

"Wasalimie."

Alimpandishia kikapu, akamwambia kondakta amshushe dada yake mahali pazuri. Germana alipopata kiti cha dirishani na kugeuka ampungie mkono, Wiliam alikuwa ameshaipa barabara mgongo, anateremka shambani kwake.