Kamba ya Madamu

...eti ana mambo yake yoyote, swali gani hilo jamani, na limekuja saa hii hii, hapa katikati ya uwanja wa Makambako, upepo unawapulizia vumbi machoni, mgeni rasmi kashika kipaza sauti na hana mpango wa kukiachia, na Hulda ana kombe kwapani na kamba ya ng'ombe mkononi, na mbele kidogo kwenye kamba hiyohiyo kuna mkono wa Oliva, mtoto wa hapahapa Makambako, mwembamba, sare yake ya klabu bado ina mikunjo ya dukani, ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani, "Dada Hulda, huyu ana mambo yake yoyote?", na Hulda hajamjibu, kajifanya anasikiliza hotuba... na ninyi vijana wa klabu za ufugaji, nasema ninyi, mkoa mzima unawatazama ninyi... haya, utazame, utaona nini, utaona msichana wa Iwawa aliyeshinda kulea mtamba bora na hajui kama acheke au alie, maana kombe hili mbona halina uzito, linang'aa tu, na hivi aliyeshinda ni nani hasa, ni yeye au ni Madamu, si Madamu ndiye aliyezunguka uwanja bila kuvutwa, majaji wakamshika mgongo, wakamshika mbavu, ametulia tu, na sasa amesimama hapa katikati yao anacheua, hana habari kwamba kamba yake ina mikono miwili, na kwamba makofi yakipigwa mmoja utaachia.

Na Hulda aliyajua haya tangu mwanzo, asijifanye, hakudanganywa na mtu, ndivyo klabu zilivyo, unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike unamlea mpaka siku ya mashindano ya mkoa, ushinde usishinde unamkabidhi kwa mwenzako wa mahali pengine, mbele za watu, mama mtu anabaki kwako, mtoto anakwenda, na mwenyewe alikuwa anamwambia bibi kila siku, bibi, Madamu si wetu, tunamlea tu, na bibi anacheka na pengo lake, haya, mlee tu... sasa leo mkono umepatwa na nini, mbona vidole havisikii, na huyu mtoto mbona anauliza, si angenyamaza tu, kama angenyamaza ingekuwa rahisi, maana kunyamaza na kunyamaza kungekutana, basi, yaishe.

Kwa sababu mambo yapo. Yapo, na hayajui mtu, hata Mwalimu Agustino wa klabu hajui, ni Hulda na bibi tu, kwamba Madamu alizaliwa Juni, na Juni ya Iwawa mnaijua, maji ya ndoo asubuhi yana barafu juu, bibi akasema kitoto hiki hakinyweshwi barafu mimi nikiona, akawa anamwekea maji jikoni karibu na moto, yakipata uvuguvugu ndiyo ananyweshwa, na tangu hapo maji baridi hayataki, hata awe na kiu namna gani, anayanusa, anageuza shingo, anakutazama kama madamu wa shule aliyeletewa daftari chafu, ndiko jina lilikotoka, na hata leo asubuhi Hulda amemchanganyia maji ya chupa ya chai nyuma ya lori, watu wasione, kwa nini wasione, hapo ndipo penyewe, kwa nini alijificha... kwa sababu alishapanga. Njiani, lori linatoka Iwawa, linapita Njombe mjini, yeye kakaa nyuma na Madamu, baridi imewakaba wote wawili, akapanga, sitasema, atakataa maji leo, atakataa kesho, ataanza kukonda, bwana mifugo atampigia Mwalimu Agustino, watasema huyu kamzoea yule binti, arudi kwanza, na akishapanda lori kurudi Iwawa nani tena atamshusha, na kwani ni uongo, si uongo, kutosema si kusema uongo, hakuna aliyeuliza... ila sasa ameulizwa... na ufugaji wa kisasa, ndugu zangu, siyo ule wa kufunga ng'ombe kwenye mti...

Kufunga. Nani kasema kufunga, mgeni rasmi kasema, mwacheni aseme, lakini siku ile ya Njombe imerudi kichwani, mwaka juzi, uwanja mwingine, mikono miwili kwenye kamba vilevile, na siku ile Hulda ndiye aliyekuwa na sare ya mikunjo, na anayekabidhi ni mvulana wa Mdandu, Timoth, buti zake zina matope mpaka juu, na Hulda akamuuliza, akamuuliza hivihivi, kaka, ana mambo yake huyu, na Timoth akatazama pembeni, akasema, "Hana." Basi. Hulda akarudi akamwambia bibi, vijana wa Mdandu wana maringo, hata kumtazama mtu hawawezi. Wakamfunga ng'ombe yule, mama yake Madamu, shingoni kwenye nguzo ya banda, kama watu wote wanavyofunga, kumbe hajawahi kufungwa maisha yake, kulipokucha pembe moja inaning'inia, damu kwenye nguzo, ng'ombe anatetemeka mwili mzima, bibi kashika majivu na kitambaa, anasema pole mama, pole mama, na ile pembe haikuota tena, Hulda anaiona kila akikamua, na kila akiiona anajiuliza, Timoth alijua? Alisahau? Miaka miwili anajiuliza, akaamua kwamba ni mtu mbaya, ikawa imekwisha... na sasa haijaisha, maana uso ule haukuwa wa maringo, Mungu wangu, ulikuwa uso huu, huu alionao yeye sasa hivi, unaotazama pembeni, naye Timoth alikuwa anamngojea ng'ombe wake arudishwe, akalala Mdandu anangoja simu, wakati huku Iwawa pembe inavunjika, na labda bado anangoja, au labda si hivyo, labda alisahau kweli, nani ajuaye, lakini neno lile analo, Hulda analo mdomoni, lile lile, dogo, tayari, hana, ukilisema linakwenda lenyewe, na Madamu anacheua, mdomo wake mkavu, kutwa nzima atakuwa na mdomo mkavu, na kesho, atasimama mbele ya ndoo ya watu, ananusa, anageuza shingo kumtafuta mtu wa kumtazama vibaya, na mtu hayupo, kwani Madamu atakuwa amekosa nini, kunyweshwa maji ya moto?

"Dada?" Oliva anamwita, mkono wake umetoka jasho, kamba imelowa.

"Anayo," Hulda akasema, na sauti ikatoka kavu, kana kwamba ni yeye mwenye kiu. "Maji mpashie moto. Yawe vuguvugu tu. Na ukishamwekea mpe mgongo, hanywi akitazamwa."

Oliva hakucheka. Akarudia yote polepole, kama anavyorudia mtu aliyetumwa dukani, maji, vuguvugu, mgongo, halafu akauliza, "Na usiku namfungaje?"

"Usimfunge," Hulda akasema. "Usimfunge kabisa, hajawahi kufungwa."

...na kabla sijamaliza, ndugu zangu, kabla sijamaliza, ninalo dogo la mwisho... na vumbi linapita, na hakuna aliyepiga makofi bado, na kamba wameishika wote wawili vilevile, ila Hulda amegeuka, amempa Madamu mgongo.